Gramu Mia Tisa na Kumi

Asubuhi, kabla ya chai, nampima.
Mizani ni ya jikoni, ile ya unga,
tumeitia gogo dogo lililovishwa nyasi za plastiki
nyayo zake zisichubuke.
Mia tisa na kumi. Naandika daftarini.
Unanenepa kama bi harusi, namwambia,
naye ananitazama kwa jicho lisilowahi kucheka.

Aliletwa hapa Barka ndani ya kikapu cha tende,
amefunikwa kilemba cha dereva wa lori la maji
aliyemkuta chini ya nyaya za umeme,
bawa la kushoto likiburura mchanga kama upindo wa kanga.
Dereva hakutaka jina lake liandikwe.
Alitaka kilemba chake tu; alipoona damu
akasema, basi, abaki nacho.

Daktari Nasra alitia pini mfupani.
Manyoya matatu yaliyokatika tuliyaunga
kwa vijiti vya mwanzi na gundi,
manyoya ya kozi mwingine aliyetufia mwaka juzi,
nilikuwa nimeyaweka kwenye bahasha ya benki.
Kwa hiyo huyu akiruka, marehemu naye huruka kidogo:
kutoka gogoni hadi kwenye glavu, hatua kumi na mbili.
Ndiyo safari yote. Mfupa uliunga kombo.
Aliyekuwa akishuka kama jiwe
sasa hushuka kama mtu anayehesabu ngazi.

Bibi yangu alikuwa na methali yake.
Aliitoa Wete, akaja nayo Ibra
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
katika mji usio na mnazi hata mmoja:
kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda.
Alitupigia nayo sisi tuliosusa mchuzi wa papa.
Bibi, njoo umwone huyu.
Kulala na njaa ndiyo mali iliyombakia,
nami nimemnyang'anya. Kila saa kumi jioni
nusu kware, amekatwa, amepimwa.

Barua ya ofisi inamwita balozi.
Balozi wa nani? Nchi yake ni hewa,
na hewa imemfutia uraia.
Hana pasi wala bendera. Ana kamba mbili za ngozi miguuni
na barakoa ndogo iliyoshonwa kwa mkono,
nikimvisha namkumbuka bibi na ile yake ya nili
iliyomwachia mstari wa buluu juu ya pua
hata akiivua.

Leo walikuja darasa la nne, thelathini na mmoja,
wananuka chipsi na krimu ya jua.
Niliwaeleza kwa Kiarabu: shahini, masharubu meusi,
jino la mdomoni, kasi, nyaya, sumu ya panya.
Mwalimu mkuu akasogea apigwe picha.
Balozi akainua mkia, akatoa hotuba yake
juu ya kanzu nyeupe iliyotoka kupigwa pasi.
Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mmoja hakucheka. Shinuna, meno ya mbele hana.
Akauliza: anajua kwamba hatarudi?

Jibu lipo. Limechapwa kwenye karatasi tunayogawa.
Nililitafuta mdomoni nikakuta Kiswahili kitupu.
Nikamvua ndege barakoa.
Jicho likapita juu ya vichwa vyao, juu ya uzio,
likashika kitu mbali ambacho sisi hatukukiona,
njiwa labda,
na juu ya glavu vidole vinane vikakaza,
vikakaza mpaka mkono ukanifa ganzi.
Muulize mwenyewe, nilisema.
Akamuuliza. Akangoja kwa adabu,
kama unavyomngoja mtu mzima amalize kutafuna.

Jioni kware hakuguswa.
Nilizima taa, nikakaa naye gizani kidogo,
nikimsemesha lugha ya nyumbani, mambo ya ovyo,
bei ya vitunguu, goti langu.

Asubuhi: mia nane tisini na nane.
Kwenye safu ya sababu
niliandika neno ambalo ofisini hakuna alijuaye:
kupenda.